Mwanzi, Mshipi na Risasi ya Mpanda

Kuunda mwanzi wa kuvulia kuna sheria zake. Mti ukatwe, ukaushwe kivulini. Mbichi ukipinda haurudi. Mshipi leo ni nailoni, iliyotangazwa Marekani mwaka 1938. Kabla yake watu walisokota nyuzi za mimea. Kisha ndoana, na chubwi, kile kipande cha risasi kinachozamisha chambo.

Hapo kwenye chubwi ndipo historia ya Katavi inauma. Mpanda ilikua mji kwa sababu ya madini ya risasi. Enzi za Waingereza reli ikajengwa kutoka Kaliua, zaidi ya kilomita 200, kuyasafirisha. Shehena zikaondoka, mgodi ukafungwa. Leo mvuvi wa Karema, ziwani Tanganyika, akikosa chubwi anafunga jiwe tu.