Upanga wa Bati na Vyumba vya Mateso: Filamu za Bei Nafuu za Argentina, 1983–1987

Mwaka 1985 ilitoka filamu iitwayo Barbarian Queen. Ndani yake mwanamke shujaa amefungwa juu ya kitanda cha mateso, na mtesaji anamhoji kuhusu waasi wenzake. Mapambo ni ya kubuni, na mavazi ni haba kuliko inavyohitajika. Mwaka uliofuata ilitoka La noche de los lápices, yaani Usiku wa Penseli. Hii inasimulia mkasa wa wanafunzi wa sekondari wa mji wa La Plata waliotekwa na vyombo vya dola mnamo Septemba 1976, wakateswa, na wengi wao wasionekane tena. Filamu ya kwanza huchekwa na mashabiki wa sinema mbovu, ilhali ya pili huonyeshwa mashuleni nchini Argentina kama somo la historia. Zote mbili ziliongozwa na mtu mmoja, Héctor Olivera, chini ya kampuni moja ya Buenos Aires iitwayo Aries.

Wasomi wengi huishika moja ya filamu hizi na kuitupa nyingine. Hoja yangu ni kwamba tukizitenganisha, hatuielewi hata moja.

Hadithi za upanga na uchawi zilianza kuchapishwa katika magazeti ya bei poa ya Marekani. Mwaka 1932 Robert E. Howard, kijana wa Texas, alimleta mhusika wake Conan katika gazeti la Weird Tales: mpiganaji asiye na ukoo wa kifalme, anayepita katika miji ya kale yenye wachawi, mazimwi na makaburi yasiyotulia. Jina la aina hiyo ya hadithi lilipendekezwa na mwandishi Fritz Leiber mwaka 1961. Mwaka 1982 Hollywood ilimpeleka Conan kwenye sinema kwa gharama ya takriban dola milioni 20, Arnold Schwarzenegger akishika upanga. Filamu ikauza, na mara moja wakatokea watu waliotaka kuuza bidhaa ileile kwa sehemu ndogo ya gharama hiyo.

Hodari wao alikuwa Roger Corman. Huyu alijulikana tangu miaka ya 1950 kwa kupiga filamu haraka, kwa fedha kidogo, na kutoziacha zimpe hasara. Alitafuta mahali penye mafundi wenye ujuzi, studio zilizo tayari, farasi, misitu, na sarafu dhaifu. Mahali hapo palikuwa Argentina.

Udhaifu wa sarafu hiyo haukuletwa na hali ya hewa. Majeshi yalitwaa madaraka tarehe 24 Machi 1976, yakaendesha nchi kwa hofu na kwa mikopo ya nje. Mwaka 1982 yakaingia vitani na Uingereza kugombea visiwa vya Malvinas, ambavyo Waingereza huviita Falkland, na yakashindwa. Mwaka 1983 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 300. Mwezi Juni mwaka huo serikali ilifuta sifuri nne kwenye peso. Juni 1985 serikali mpya ya kiraia nayo ikaleta sarafu nyingine kabisa. Katika uchumi wa namna hiyo, mtayarishaji wa filamu anayepokea peso leo hajui kesho zitanunua nini. Anayepokea dola anaweza kulipa mishahara.

Aries haikuwa kampuni ya wababaishaji. Ilianzishwa mwaka 1956 na Fernando Ayala pamoja na Olivera. Mwaka 1974 Olivera aliongoza La Patagonia rebelde, kuhusu wafanyakazi wa mashambani waliopigwa risasi na jeshi huko Patagonia mwaka 1921 na 1922. Filamu hiyo ilipata tuzo ya Dubu wa Fedha mjini Berlin, kisha ikazuiwa nyumbani, na haikurudi kwenye kumbi hadi utawala wa kiraia uliporejea. Mtu aliyeonja udhibiti wa namna hiyo alijua vizuri bei ya kusema kweli, na alijua pia kwamba kampuni iliyofilisika haisemi lolote.

Hivyo zikaanza kupigwa filamu za ubia. Deathstalker ya mwaka 1983 ilitengenezwa wanajeshi wangali madarakani. Ina mchawi anayelisha macho ya watu kiumbe chake cha sandukuni, na mpiganaji mwenye kichwa cha nguruwe karamuni. Mwaka 1984 ikafuata The Warrior and the Sorceress, yenye kisa kilichochotwa wazi kutoka Yojimbo ya Mjapani Akira Kurosawa. Olivera mwenyewe aliongoza Barbarian Queen na Wizards of the Lost Kingdom, zote za mwaka 1985. Deathstalker II ya mwaka 1987 ilirudia bila haya vipande vya filamu ya kwanza, ili kuokoa gharama ya kupiga vita upya.

Kwa nini filamu hizi zina wafuasi wanaozishikilia hadi leo? Sehemu ya jibu imo katika kanda za video. Miaka ya 1980 mtu aliingia dukani, akaona mchoro wa Boris Vallejo kwenye jalada la Deathstalker, misuli iking'aa na zimwi likiunguruma, akaikodi kanda kwa ahadi ya mchoro ule. Nyumbani alikuta barakoa za mpira na panga zinazopinda. Badala ya kukasirika, alicheka, akawaita rafiki zake. Kutazama kukawa ibada ya pamoja yenye vichekesho vyake na misemo yake. Kuna pia sababu ya ndani zaidi. Katika filamu ya gharama kubwa, kazi ya mikono hufichwa. Katika filamu ya bei nafuu mshono wa barakoa unaonekana, rangi ya mwamba wa karatasi inaonekana, na mtazamaji anahisi ukaribu na fundi aliyeutengeneza kwa siku moja. Mapenzi hayo si ya kijinga.

Lakini kicheko hicho kina upofu wake. Shabiki wa Chicago anayechekelea ukuta wa jumba la mfalme kuyumba haulizi ni kwa nini ukuta ule ulijengwa Buenos Aires. Wala haulizi nini kilikuwa kikitokea nje ya studio. Tume iliyoongozwa na mwandishi Ernesto Sabato ilikuwa imeorodhesha, mwaka 1984, watu 8,961 waliotoweshwa na vituo vya siri vya kuzuilia watu vipatavyo 340. Mashirika ya haki za binadamu husema waliotoweka ni 30,000. Kuanzia Aprili hadi Desemba 1985, makamanda tisa walishtakiwa mbele ya mahakama ya kiraia, na mashahidi zaidi ya 800 walisikilizwa. Mwaka uleule ambao Barbarian Queen iliuza kitanda cha mateso kama burudani, watu halisi walikuwa wakieleza mahakamani jinsi walivyofungwa kwenye vitanda vya chuma.

Zipo tafsiri mbili nyepesi ambazo nazikataa. Ya kwanza inasema kwamba Barbarian Queen ni fumbo la siri dhidi ya udikteta. Sivyo. Mateso yamewekwa humo ili kumfurahisha mtazamaji, na mwili wa mwanamke umetumiwa kama chambo cha biashara. Kuifanya hiyo kuwa upinzani ni kuwakosea heshima waliopinga kwa kweli. Tafsiri ya pili inasema kwamba Olivera aliiuza sanaa yake. Nayo inasahau kwamba kampuni iliyovuka miaka hiyo ya njaa kwa dola za mazimwi ndiyo iliyokuwa bado hai, na vifaa vyake na mafundi wake, ulipofika wakati wa kusimulia habari za watoto wa La Plata. Ukweli una gharama, na gharama hiyo ililipwa na kampuni iliyokuwa ikifanya pia kazi isiyo na heshima.

Hata hivyo, nguo ya kuazima haisitiri maungo. Corman hakuja Argentina kwa ajili ya Argentina. Deathstalker ya tatu ilipigwa Mexico mwaka 1988. Ya nne ilipigwa Bulgaria na kutoka mwaka 1991, ukomunisti ulipokuwa umeanguka na kazi ikawa rahisi huko. Ukizipanga filamu hizo kwa mfuatano, unapata ramani ya nchi zilizokuwa taabani kiuchumi. Upanga ulifuata mishahara duni.

Hili linawahusu watumishi wa umma wanaoandaa vivutio vya kodi kwa watengenezaji filamu wa nje, katika nchi yoyote. Mara nyingi huuliza ni dola ngapi zitaingia. Historia ya Aries inatufundisha kuuliza swali la pili: dola zikishaondoka, nani ndani ya nchi atabaki na kamera, ujuzi na uhuru wa kusimulia mambo yake mwenyewe? Argentina ilikuwa na kampuni ya wenyeji yenye kumbukumbu ndefu na mwongozaji aliyekuwa na jambo la kusema, na mwaka 1984 serikali ya kiraia ilivunja chombo cha kudhibiti filamu. Bila mambo hayo matatu, zingebaki panga za bati tu.

Kwa wanafunzi nina ombi dogo. Mkiitazama filamu ya namna hii na kucheka, chekeni, kisha msiizime kabla majina hayajaisha kupita. Someni majina ya mafundi, ya washona mavazi na ya wapiganaji wa kukodiwa. Halafu tafuteni mwaka wake katika kitabu cha historia ya nchi yao.