Bahasha ya Kiini

Zipo koo ambamo moyo husimama mapema: baba, kisha baba mdogo, kisha kijana aliyekuwa mzima jana yake. Iringa na Mbeya, vifo vya mfululizo namna hiyo huzua minong'ono msibani, na mara nyingi kuna mtu anayebebeshwa lawama. Baadhi ya vifo hivyo hutokana na ugonjwa wa kurithi wa bahasha ya kiini cha seli, kwa hiyo istilahi yake haitakiwi kuishia maabara.

Kiini cha seli kimezungukwa na tando mbili, wa ndani na wa nje, zenye matundu ya kupitishia vitu. Zote mbili kwa pamoja ndizo bahasha ya kiini. Wengine huandika “utando wa kiini”, lakini huo ni mmoja tu kati ya hizo mbili, na mahali protini ilipo ni muhimu: protini ya emerini imejikita kwenye utando wa ndani, na protini nyingine, lamini, zimesukwa chini yake kama fito za nyumba ya udongo. “Bahasha ya nyuklia” ni mbaya zaidi. Kwa msomaji wa Mafinga nyuklia ni bomu na mionzi, naye ataogopa bure.

Jeni ya lamini A na C, LMNA, iko kwenye kromosomu ya 1. Mwaka 1999 watafiti walionyesha kuwa hitilafu zake husababisha moyo kutanuka na njia zake za umeme kuharibika. Moyo hupiga takriban mara laki moja kwa siku. Lamini ikiwa dhaifu, kiini hupoteza umbo kwa mikiki hiyo na kazi za jeni nyingine huvurugika. Mapigo huwa ya polepole au ya ovyo, mara nyingi kabla moyo haujatanuka. Kila mtoto wa mgonjwa, wa kike au wa kiume, ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kurithi. Jeni ya emerini iko kwenye kromosomu X, hivyo wanaougua zaidi ni wanaume, waliorithi kwa mama. Viwiko vyao hukaza tangu utotoni, kama Emery na Dreifuss walivyoeleza mwaka 1966.

Si kila moyo uliotanuka ni wa kurithi. Presha pekee inatosha kuutanua.

Daktari aliyesomea ndaki ya afya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoko Mbeya amefundishwa haya kwa Kiingereza. Akikaa na familia ya Tukuyu, aulize kwa Kiswahili: nani mwingine ukooni alizimia, aliwekewa betri ya moyo, au alilala asiamke? Ndugu walio hai wapimwe umeme wa moyo (ECG) hata bila maabara ya jeni. Anayeonekana na hitilafu apewe rufaa, kwa mfano kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Na barua ya rufaa itaje lamini, kwa sababu kwa ugonjwa huu betri ya kawaida mara nyingi haitoshi, huhitajika ile inayoweza pia kuushtua moyo unapokwenda ovyo.