UZI: Kunguru aliletwa na sera, si na upepo

Kila mjadala wa usafi wa miji ya Pwani ukipamba moto, lazima kunguru aingie. Huyu anasema wauawe wote, yule anasema ati ni njama ya wenye hoteli. Wacha turudi nyuma kidogo.

Kunguru mwenye shingo ya kijivu, Mombasa wanamwita kurabu, si wa hapa. Aliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890, chini ya Waingereza, ale taka za mji. Yaani badala ya kuzoa taka, serikali iliajiri ndege! Kufikia 1947 alikuwa Mombasa. Taka alikula, na mayai na makinda ya ndege wengine pia. Kunguru wetu wa kifua cheupe akasukumwa nje ya miji.

Kisiwani ni hatari zaidi, maana ndege wa asili hana pa kuhamia. Huko Guam, aina moja ya nyoka iliingia na mizigo baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kati ya aina 12 za ndege wa msituni, 10 zilitoweka.

Miaka ya 1990 Zanzibar waliwatega kunguru na kuwawekea sumu, wakapungua sana. Ufadhili ukakatika, wakarudi. Socotra waliwamaliza 2009 wakiwa bado wachache. Kwa hivyo mimi siulizi wangapi wameuawa, nauliza nani atalipa mwaka wa tano.

2024 KWS ilitangaza mpango wa kuua kunguru milioni moja Pwani kabla mwaka kuisha. Sasa soma Jedwali la Nne la Katiba ya 2010: wanyamapori ni kazi ya serikali kuu, taka ni za kaunti. Mmoja anaweza kutega sumu huku mwenzake ameacha jaa wazi, kisha wanyoosheane vidole kwenye runinga.

Mimi ni wa Mokowe. Watu na mizigo ya Amu hupitia jeti yetu, na bandari mpya iliyoanza kupokea meli 2021 iko jirani. Kurabu hupanda meli bila tikiti. Juu kidogo, visiwa vya Kiunga, ndege wa baharini hutaga mayai chini, wazi kabisa.

Mgombea akija jetini na ahadi ya kunguru, muulizeni kwanza jaa letu litakuwa wapi na limetengewa shilingi ngapi.