Kihisi cha inhela
Kihisi cha inhela ni kifaa kidogo cha kielektroniki kinachofungwa kwenye inhela ya mgonjwa wa pumu. Hurekodi tarehe na saa kila dawa inapopulizwa. Baadhi hulia kumkumbusha mgonjwa.

Dawa ya kuzuia pumu hutumiwa kila siku, hata pasipo dalili, kwa hiyo husahaulika kwa urahisi. Utafiti wa Auckland, Nyuzilandi, uliochapishwa mwaka 2015, ulihusu watoto 220 wenye umri wa miaka 6 hadi 15. Wote walifungiwa vihisi, lakini kiwango cha kati cha dozi zilizotumika kilikuwa asilimia 84 kwa waliokumbushwa kwa mlio, na 30 tu kwa wasiokumbushwa. Kuhesabu peke yake hakukutosha.

Vihisi vingi hurekodi mbonyezo tu. Havitambui dawa iliyopulizwa hewani badala ya kuvutwa mapafuni.