Faini, Kipande na Manamba wa Buha

Kuanzia Munanila hadi Kibondo, nyanda za juu za Buha, nchi ya Waha magharibi mwa Tanzania, hazikuwa na mashamba makubwa ya walowezi. Kilichotoka huko kwa wingi, kwa miongo kadhaa, ni wanaume wenye nguvu za kufanya kazi. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na utawala wa Waingereza ulidai kodi kwa fedha taslimu. Waha wakapanda treni kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Waliochukuliwa kwa mkataba na wakala waliitwa manamba, maana kila mmoja alisafiri kwa namba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunganisha uandikishaji huo chini ya ofisi moja, SILABU.

Sheria ya kazi ya mwaka 1923 iliadhibu pande zote mbili. Aliyetoroka mkataba alitozwa faini au kufungwa. Mwajiri aliyezuia mshahara naye angeweza kutozwa. Usawa huo ulikuwa wa karatasi. Mshahara ulihesabiwa kwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi iliyotakiwa kujazwa ndani ya siku 42, hivyo hata faini ndogo ingeweza kumeza jasho la wiki kadhaa la mfanyakazi. Kampuni iliiandika faini kama hiyo kwenye daftari la matumizi, karibu na mafuta ya korona, mashine ya kuchakata mkonge. Tena, mkosaji hatozwi mpaka mkaguzi amfikie: Idara ya Kazi, iliyoundwa 1926, ilifutwa 1931 kubana matumizi na kurudishwa 1938 tu.

Kilichoyaumiza mashamba zaidi ni kukosa watu. Manamba aliyerudi Buha alisimulia kambi ipi ina posho mbovu na mnyapara gani ana mkono mwepesi, na wengi wakaanza kwenda kwa nauli yao wenyewe ili wachague shamba bila kufungwa na mkataba. SILABU, kwa kuwaondolea wenye mashamba haja ya kugombania wafanyakazi, ilipunguza makali ya silaha hiyo ya kuchagua shamba. Pengine ndiyo faida yake kubwa kwao. Baadaye likaja shinikizo la vyama vya wafanyakazi: shirikisho lao, TFL, liliundwa 1955, na mgomo wa shamba la mkonge la Mazinde wa 1958 ulisimamisha kazi, hasara ambayo haina kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye sheria.

SILABU ilifungwa 1965. Swali la faini halikufungwa nayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 iliweka kwa kosa la kutumikisha watoto au kulazimisha kazi faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo cha mwaka mmoja, au vyote viwili. Kiwango kilikuwa kimoja kwa mwenye duka na kwa kampuni yenye maelfu ya wafanyakazi. Katika sheria hiyo hiyo, fidia ya kuachishwa kazi isivyo halali ilipangwa kwa hesabu nyingine: isipungue mishahara ya miezi 12 kwa kila aliyeonewa, nayo iliongezeka kadiri walioonewa walivyoongezeka.