Kopo la Fundi, Glasi ya Mnywaji

Kila asubuhi hapa Kikuyu, mjini Dodoma, napita mbele ya karakana ya seremala. Mlangoni hukaa kopo la spiriti ya kuchanganyia vanishi, lina alama ya fuvu la kichwa. Juzi kijana anayejifunza kazi pale aliniuliza: "Mzee, spiriti hii na ile ya baa si zote pombe? Fuvu la nini?"

Swali hilo majirani zetu walilijibu kwa makaburi. Novemba 2000, katika vitongoji vya Mukuru, Nairobi, watu walikunywa pombe iliyoitwa kumi kumi, kwa kuwa glasi iliuzwa shilingi kumi. Ilikuwa imetiwa methanoli. Walikufa zaidi ya watu 100, na baadhi ya waliopona walibaki vipofu. Mei 2014 msiba ukarudi Kenya, Embu na Kiambu yakiwa miongoni mwa maeneo yaliyolia.

Methanoli ni ndugu wa pombe ya kunywa, lakini ndugu mbaya. Zamani ilipatikana kwa kuchoma mbao katika chombo kilichofungwa. Leo viwanda huitengeneza hasa kwa gesi asilia, ikatumika katika rangi, vanishi na gundi. Ladha yake haimshtui mnywaji. Wala haiui papo hapo. Ini huigeuza polepole kuwa asidi ya fomiki, nayo hushambulia mishipa ya fahamu ya macho. Mtu hulala akidhani amelewa tu. Baada ya saa 12 hadi 24 anaona ukungu, anatapika, anahema. Wenzake husema ni uchovu wa jana.

Kila mara lawama humwangukia mama muuza pombe. Mimi nasema, chachu ya mtama haiwezi kuua mtaa mzima. Muuaji ni yule aliyechota pipa la kiwandani ili apate ukali bila kupika, na faida bila kulipa ushuru.

Dawa ipo, na mashine ya kusafisha damu husaidia, mradi mgonjwa awahi. Lakini aliyekunywa kwa kujificha huona haya, na anayemwogopa polisi huchelewa kufika kwa daktari. Hapo ndipo wengi hupotea.

Nilimjibu kijana yule: fuvu hilo limechorwa kwa ajili ya fundi anayeliona kopo. Mnywaji huletewa glasi tu.