Kiwewe cha Tanga, 1914: Hofu, Woga au Taharuki?

Wafasiri wa vitabu vya historia hukutana mara kwa mara na habari za askari waliotupa silaha na kukimbia, nao huandika kwa wepesi kwamba "waliingiwa na woga". Sisi tunaoshughulikia istilahi hatuwezi kulipitisha neno hilo bila kulihoji. Na tuangalie mfano wa karibu.

Tarehe 4 Novemba 1914 jeshi la Waingereza lenye watu wapatao 8,000, wengi wao kutoka Bara Hindi, liliushambulia mji wa Tanga. Wajerumani pamoja na askari wao Waafrika walikuwa kiasi cha 1,000 tu, na wengi waliletwa kutoka Moshi kwa reli ya Usambara ipitayo Korogwe. Kwa hiyo hata kwa mwalimu wa Masuguru historia hii si ya ugenini. Katika mapigano hayo risasi ziliwachokoza nyuki. Nyuki hawakuchagua bendera: hata baadhi ya bombomu za Wajerumani zilinyamaza kwa sababu yao. Lakini vikosi kadhaa vya Waingereza vilivunjika, ikawa mguu niponye hadi pwani. Siku ya pili jeshi lilirudi melini, likiacha nyuma mamia ya bunduki na risasi zipatazo 600,000. Baadaye ilizuka hadithi kwamba Wajerumani waliwatega nyuki wale kwa makusudi. Aliyekimbia hakosi wa kumlaumu!

Je, watu hao walikuwa waoga? Woga ni tabia ya mtu. Lililowapata wao lilikuwa la ghafla: moyo hudunda, pumzi hupanda, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini damuni, na miguu hutangulia kabla akili haijapima. Wakiwa wengi, kila mmoja huona mbio za mwenziwe kuwa ni ushahidi wa hatari.

"Hofu" ni pana mno. Mkulima wa Handeni aweza kuwa na hofu ya ukame msimu mzima. "Taharuki" imekwisha kutwaliwa na wahakiki wa fasihi. "Hamaniko" lakaribia, ila lataja zaidi mahangaiko ya huku na huku. Lugha kadhaa za Ulaya zilikopa jina la Pan, mungu wa wachungaji wa Wayunani aliyedhaniwa kuyashtua makundi ya mifugo. Sisi hatuna haja naye, kwani tunalo "kiwewe". Twasema mtu amepatwa na kiwewe, au ametiwa kiwewe: jambo limemjia, nalo laweza kumwondoka.

Basi tunapendekeza iandikwe kwamba askari wale walipatwa na kiwewe. "Woga" liachwe kwa mwandishi aliyekusudia kutoa hukumu, naye awe na ushahidi wake.